Upande wa Ukutani

Tangu arudi vitani, Mzee Ngwali ndiye aliyechimba makaburi yote ya mtaa, kwa thawabu tu. Leo amefiwa na mkewe, Bi Sauda, naye kashika jembe lake.

"Leo wewe ndiye mfiwa, mzee wangu," Kombo, jirani yake, akamwambia. "Kaa mkekani, tuachie sisi."

"Kaburi la mama yako alichimba nani?"

"Wewe."

"Basi nipishe."

Akachimba kama anayechimbia mgeni, macho makavu. Alipomaliza akajilaza ndani kupima, kama ilivyokuwa desturi yake. Akajikuta amejibana ukutani, vilevile alivyolala kitandani miaka yote, nafasi ya Bi Sauda ikiwa wazi.

"Mzee, linatosha?" Kombo akauliza kutoka juu.

Mzee akasogea ukutani kidogo zaidi.