Shanga za Otilia

Bwana Leonsi, afisa kilimo kutoka Sumbawanga, alizamisha mkono hadi kiwiko kwenye kihenge cha Otilia. Ukatoka na mahindi. Benjamini, mtendaji wa kijiji, akaandika "akiba ipo".

Hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza. Ya mwisho ingekuwa ya Benjamini mwenyewe, na kihenge chake kilikuwa kitupu.

Aibu iliyoje! Tangu biashara ya mahindi ifunguliwe, malori ya Fuso yalifika hadi mlangoni, naye akauza mpaka akiba ya njaa, akanunua bati. Halafu mvua ikakata Januari, mahindi yakakauka shambani yakiwa usawa wa magoti. Na ni yeye huyu huyu aliyemnyang'anya Otilia mbuzi mwaka jana kwa kukosa akiba. Ni yeye aliyepita juzi akitangaza: "Atakayekutwa na kihenge kitupu, mbuzi wake anaondoka!"

Otilia alipoinama kufunika kihenge, rozari yake ya buluu ilinasa kwenye ufito, ikakatika. Shanga zikamwagikia mahindini.

"Tukusaidie kuokota," alisema Leonsi.

"Aa, baba, nendeni tu, msichelewe. Nitaokota mwenyewe."

Kila nyumba waliyofika walikalishwa kwanza, wakaulizwa habari za safari, za kazi, za watoto, hata za ng'ombe. Kisha mkono ukaingia, ukatoka na mahindi. Benjamini alizidi kujiona si kitu. Watu wote hawa wamejibana, yeye kiongozi wao ameuza chakula cha wanawe!

Njiani, kati ya nyumba na nyumba, wanawake wale wale waliwapita mbio, madebe kichwani.

"Mnakwenda wapi?"

"Mashineni kusaga, mtendaji."

Mashine haikuwa na dizeli tangu Jumatatu, lakini mwenye aibu yake ana nafasi gani ya kuwaza mashine?

Nyumbani kwake, mkewe Mary alisimama mlangoni akihema, kitenge kimejaa vumbi la pumba. Benjamini alitaka kusema kweli, lakini kabla hajaanza Leonsi akazamisha mkono. Ukatoka na mahindi.

Loo! Kumbe Mary kaazima kwa jirani! Alimtazama kwa shukrani, lakini Mary akaangalia chini.

"Hongereni," alisema Leonsi, ngumi yake bado imejaa mahindi. "Sasa naweza kukwambia. Kuna lori la mahindi ya msaada. Nilinyamaza kwa sababu mngejua, mngeficha chakula. Kwa kuwa hapa kila nyumba ina akiba, nalipeleka kijiji cha pili."

Benjamini akamtazama Leonsi. Angesema? Lakini njaa hiyo ni ya nyumba yake peke yake, na wenzake wenye vihenge vilivyojaa hawatamnyima debe moja.

"Sawa, bwana afisa," akajibu.

Leonsi akafungua vidole, mahindi yakachuruzika kurudi kihengeni. Kiganjani zikabaki shanga tatu za buluu.