Vita vya Kane, Area D

Abubakari aliuawa tena saa tisa na robo mchana, mstari wa mbele, upande wa kushoto wa Warumi. Optatus aliinama kuihakiki dadu, kisha akamgeuza chali.

Ilikuwa mara ya tatu Jumapili hiyo. Abubakari alikuwa kizibo cha soda chenye jina lililoandikwa kwa ndani. Warumi wote arobaini walikuwa vizibo, wamefunikwa ili majina yasionekane mpaka mtu afe. Jeshi la Hanibali, adui yao, lilikuwa punje za mahindi, na farasi wake maharage, ambayo Yasinta alikuwa ameshayaulizia kwa mumewe Optatus mara mbili kwa ajili ya chakula cha jioni.

Alianza kupigana vita vya kale peke yake mezani akiwa seminarini, kwa padre mmoja Mwitaliano aliyependa kufundisha habari za Roma kuliko katekisimu. Upadre ulimshinda, vita vya Kane, ambako Hanibali aliwazingira Warumi akawamaliza, vikabaki. Miaka ishirini alicheza pande zote mbili, akijaribu kuwatoa Warumi kwenye mtego wa Hanibali, na miaka ishirini waliuawa wote.

Mwaka huo, 1994, vita vilipata kazi. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na Optatus, mkuu wa masijala wizarani, alitakiwa kupeleka majina kumi na mawili Jumatatu asubuhi. Wiki nzima alikaa na karatasi tupu. Watu wenyewe alikuwa amekula nao pilau na ubwabwa, amewazikia wazazi, angemchagua nani? Akaandika majina ya wafanyakazi wake arobaini kwenye vizibo, akaamua Kane ichague. Warumi kumi na wawili wa kwanza kuanguka ndio wangekuwa orodha.

Alitegemea kuumia. Hakusikia kitu. Hana, mjane mwenye watoto wanne, alianguka, akamgeuza. Shaaban wa mafaili akaanguka, akamgeuza naye. Alifanya hivyo kama anayepanga vikombe kabatini, na ubaridi huo ulimtisha kidogo.

Kwa Abubakari tu ndipo mkono ulipogoma.

Abubakari wa Kondoa alikuwa mtani wake, na utani wao haukuwa wa kubahatisha. Baba yake Optatus alipofariki, Abubakari alishuka kaburini mbele ya waombolezaji, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Optatus alicheka siku ile, akapata nguvu ya kuzika. Kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kuambizana neno la kawaida. Hata Ijumaa iliyopita, masijala nzima ikiwa imenyamaza kwa hofu, Abubakari alisimama mbele ya meza yake.

"Mtani, orodha yako anza na mimi," alisema. "Nimechoka kuitazama sura yako."

Watu walicheka hadi wakashika meza. Optatus alimjibu kwamba yeye Abubakari atazeekea humo humo na ataliwa na mchwa pamoja na mafaili. Moyoni aliwaza: huyu anaogopa kuliko wote.

Kwa hiyo aliporudia vita mara ya kwanza, alijiambia dadu ilianguka pembeni. Mara ya pili alijiambia amekosea kupanga. Sasa Yasinta alikuwa amesimama mlangoni na ungo mtupu, akamuuliza huyo Abubakari atafufuka mara ngapi.

Dadu zilitaka mtu pale. Optatus alikiondoa kizibo cha rafiki yake, akatafuta kingine kitupu, akaandika jina lake mwenyewe, akakiweka chali mahali pale pale. Yasinta alilisoma. Nyumba waliyokaa hapo Area D ilikuwa ya serikali, na wote wawili walijua maana yake. Yasinta alikusanya maharage moja moja akaenda jikoni.

Jumatatu saa nane mchana orodha ikabandikwa ukutani. Hana alikaa chini koridoni, miguu ameinyoosha. Optatus alimpita, akaingia ofisini akaanza kutoa vitu vyake kwenye droo. Alijaribu kusikia fahari kidogo kwa alichokifanya. Ilikuja kwa mbali, na ikamtosha.

Abubakari aliingia, akafunga mlango. Optatus alisubiri matusi ya kawaida. Hayakuja.

"Umejiandika wewe," Abubakari alisema.

"Nafasi ilikuwa yako. Nimeichukua. Nenda ukafanye kazi."

Abubakari alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizungumza taratibu, akiwa anaangalia sakafu. Mkewe Mwanahawa na watoto walikuwa Kondoa tangu mwezi uliopita. Banda la mashine ya kusaga lilikuwa limeshaezekwa. Kilichobaki kilikuwa kiinua mgongo cha wanaopunguzwa, kikanunue mashine yenyewe. Mwisho wa kupunguza ulikuwa leo, na anayeacha kazi mwenyewe hapewi kitu.

"Mbona hukuniambia?" Optatus aliuliza.

Abubakari aliinua uso. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakukuwa na mzaha ndani yake.

"Nilikuomba mbele ya watu wote, Optatus. Ulitaka nikuombe vipi ndiyo uniamini?"