Kicheko cha Darini

Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na dari inayotazama, na kupitia dari hizo mji mzima ulifuatilia vituko vya kila familia. Watazamaji wakifurahi, kicheko chao kilimiminika kutoka dari ya nyumba wanayoitazama. Hakuna aliyependwa kama Mwanakheri. Hata mumewe, Shebe, aliyeishi naye tangu ujana, bado alimstaajabia: mwanamke aliyeweza kugeuza wali ulioungua ukawa sherehe.

Ijumaa moja mchana Mwanakheri aliteleza jikoni akiwa na sufuria ya mchuzi. Alianguka kwa kishindo, mchuzi ukaruka hadi ukutani. Kicheko kikalipuka juu.

"Baba Semeni," alimwambia mumewe akiwa palepale sakafuni, "leo ukuta umetutangulia kula."

Kicheko kikazidi. Shebe naye alicheka, mpaka alipouona mguu wa mkewe umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Ameumia kweli!" aliipigia dari kelele. "Jamani, leteni gari!"

Wakacheka hata vikombe vikatikisika kabatini. Walidhani sasa ni zamu yake kuchekesha.

Shebe akamnyanyua mkewe mikononi, akatoka naye nje. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, wakijifuta machozi ya kicheko. Waliwapisha njia huku wakipiga makofi, na Mwanakheri akawapungia mkono kwa madaha.

"Unaumia sana?" Shebe alimnong'oneza.

"Sana," alijibu, bado akitabasamu. "Wewe tembea tu, mume wangu. Nikilia, watacheka zaidi."