Unywele Ndani ya Koni

Unywele ulikuwa mweupe, mfupi kuliko kidole gumba, na Chiriku alitamani asingeuona. Ulikuwa umelala katikati ya nyuzi nyeusi za kaboni, umeshafumiwa humo humo. Kuung'oa ni lazima ukate nyuzi, na ukikata uzi mmoja tu, koni nzima imekufa.

Wiki tatu za kazi hizo. Koni ilikuwa ya kufunika pua ya roketi, na ilifumwa kwa mzunguko toka nchani hadi chini bila mshono hata mmoja, maana mshono ndipo moto unapopata mlango. Meneja alikuwa akijivunia hilo mno. Juma lililopita aliwaleta wageni, akaingiza kichwa chake ndani ya koni hii hii ikiwa bado mtamboni, akawaambia watafute mshono, na wageni wakampigia makofi. Sasa unywele nao ni mlango. Huko juu kwenye joto unaungua, unaacha tundu, na kwa roketi hakuna tundu lililo dogo.

Chiriku angeweza kunyamaza. Lakini aliyemfundisha kazi, mama mmoja ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa mtu, alimwambia siku ya kwanza: kosa ukiliona ukanyamaza, limeshakuwa lako. Basi Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa domo lake, akabonyeza kengele.

Meneja akaja mbio, jasho linamtoka. Alikuwa mtu wa kujipenda, nywele nyeusi ti wakati wenzake wa rika lake wote wameshaota mvi, na akitokwa jasho kola ya shati huingia doa jeusi. Vumbi la kaboni, walisema wafumaji, na halimchagui bosi.

Aliutazama ule unywele kwa muda, kisha akasema wenye roketi hawataki hadithi, wanataka jina. Na waliofuma koni ni wawili tu: Shangazi na Chiriku.

Akaanza na Chiriku. Ni kweli nywele zako nyeusi, akamwambia, lakini si unaishi na mama yako? Mama yako si ana mvi? Unywele husafiri na nguo. Chiriku, ambaye siku nyingine angemjibu maneno kumi kwa moja, sasa aliwafikiria wanawe pacha. Hata kutembea walikuwa hawajajua, na hawana baba wa kueleweka. Ni yeye tu wa kuwalisha.

"Ni wangu," Shangazi akasema.

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama aliyeulizwa mkasi uko wapi. Meneja akashusha pumzi. Hakutaka ushahidi zaidi, na wala haukuhitajika: mwanamke wa umri ule, mvi zake huhitaji kuziona ndipo ujue anazo. Na nani angeziona? Mwaka ule Shangazi alikuwa havui kofia ya kazi hata wakati wa chai. Anaingia nayo, anatoka nayo. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba kafunga nayo ndoa. Walipoona ameanza kuchora nyusi kwa wanja, na kila Alhamisi ya pili anaomba ruhusa, wakasema aa, ndoa si ya kofia, mama kapata bwana. Yeye alikuwa akicheka tu.

Chiriku alipata nafuu kwanza, na baada ya nafuu akapandwa na hasira. Miaka mitano mtu anakugombeza kofia, funika masikio, kaza kamba, kumbe zake zinadondoka ndani ya kazi! Nyani haoni kundule, alijisemea, na hakujisikia vibaya.

Barua ya kufukuzwa ikaandikwa saa ile ile. Shangazi akaisaini. Hakuomba arudishwe mtamboni, hakutaja miaka yake thelathini. Aliomba kitu kimoja: aachiwe kadi ya matibabu mpaka mwisho wa mwaka.

"Kadi ni ya kampuni, mama, kama ilivyo kofia," meneja akasema. "Vyote virudi leo. Kwani unaumwa?"

Shangazi akamtazama Chiriku kidogo.

"Hapana," akasema. "Mazoea tu."

Chiriku ndiye aliyetumwa kumpokea vifaa. Wakaenda chumba cha kubadilishia nguo, wawili tu, chini ya taa ile kali isiyomficha mtu. Shangazi akatoa glavu, akaziweka mezani. Akatoa kadi, akaishika kidogo, kisha akaiweka juu ya glavu. Alimwambia Chiriku koni ijayo asilegeze uzi kwenye shingo, na akampa salamu awapelekee pacha.

Chiriku hakuweza kujizuia.

"Lakini Shangazi, si ungefunga tu kofia, kama ulivyotufundisha?"

"Kweli, mwanangu," Shangazi akasema. "Ningefunga."

Akaingiza vidole chini ya kamba, akaifungua, akaivua kofia kwa mikono miwili na kumkabidhi. Chini yake, toka paji la uso hadi kisogoni, hapakuwa na unywele hata mmoja, wala mweusi wala mweupe.