Vikombe au Glasi

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Mama Chai wa wizara ya fedha, naye kashika sinia la glasi kumi na mbili.

Aliyepiga alikuwa shemeji yake, dalali wa hisa. "Haya shemeji, leo vikombe au glasi?"

Mazungumzo ya deni la serikali yakikwama, wakubwa huagiza vikombe vya chai. Wakielewana, hutaka glasi za mvinyo wa kupongezana. Shemeji akidokezwa hununua hisa kabla hazijapanda, au huuza kabla hazijashuka. Ameshajenga ghorofa, Mama Chai kaambulia "Mungu akuzidishie."

Leo, mlangoni, amesikia walichokubaliana na wakopeshaji: wapika chai na wafagizi wote waachishwe kazi mwezi ujao.

Miguu ilimuuma. Aliliweka sinia chini polepole, glasi zisigongane.

"Vikombe, shemeji," akasema. "Tena wamenuna. Uza zote."