Mita Hamsini

Keraryo, askari wa wanyamapori, alilala kifudifudi juu ya jiwe ufukweni Kiriba, vidole vikiteleza kwa jasho kwenye gurudumu dogo la darubini ya bunduki. Ilimbidi airekebishe kwa umbali mmoja tu. Mita mia mbili, kwenye mwamba anakoota jua mamba? Au hamsini, wanapochotea maji akina mama? Kila alipoamua, moyo ulikataa.

“Mama, anatokeaga wapi hasa?” alimuuliza mama aliyesimama kando yake, ambaye binti yake aliuawa na mamba huyo.

“Kule akiona watu anazama. Hapa anakujaga mtu akiingia majini.”

Mama akakunja kitenge hadi magotini, akabeba ndoo, akateremka kuelekea majini.

Keraryo hakujua amwite arudi au anyamaze. Vidole vyake vilikuwa vimeshazungusha hadi hamsini.