Masharti ya Kumrudisha Mama Cynthia

Sheria ya kwanza Mzee Kipkirui aliitunga amesimama katikati ya zizi tupu, simu sikioni, gambuti moja ndani ya samadi.

"Usitoke huko kwanza," alimwambia mkewe. "Hicho cheti chako hakitoshi. Hapa Eldoret siku hizi wanapima mara mbili."

Mkewe, Jemutai, alikuwa ameenda Amerika, mwaka wa pili sasa. Alienda kumshika mtoto wa binti yao Cynthia kwa miezi mitatu, korona ikafunga anga, miezi mitatu ikazaa mingine. Sasa anga limefunguliwa. Jumatatu hiyo alipiga simu saa tatu asubuhi kusema amepimwa, hana ugonjwa, cheti ni cha saa tisini na sita tu kabla hakijaharibika kama maziwa, na Alhamisi atakuwa nyumbani. Saa tatu asubuhi ya Eldoret, huko Amerika watu wenye akili wamelala. Lakini Mzee hakuwa anahesabu saa. Alikuwa anahesabu ng'ombe, na ng'ombe alikuwa mmoja, na hayupo.

Huyo hakuwa ng'ombe hivi hivi. Jemutai alimlea kwa chupa tangu ndama, mweusi tititi na utepe mweupe kwenye paji, akamwita Sista kwa sababu alifanana na mtawa. Siku ya kusafiri alimkumbatia Sista kwa muda mrefu kuliko alivyomkumbatia mume, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nikirudi nisimkute huyu, Baba Cynthia, sitafungua hata sanduku. Nitageuka."

Waliomjua Jemutai walijua huo si utani.

Na Mzee alimtunzaje Sista? Vizuri sana. Isipokuwa Jumapili jioni alienda senta kuwaeleza watu siasa, akarudi amechoka na maarifa yake, akasahau geti. Jumatatu akaamka jua limepanda, akakuta kamba.

Basi ikabidi serikali itunge sheria, na serikali ilikuwa yeye. Akasema kuna karantini Nairobi, siku kumi na nne, chakula unajinunulia. Baadaye kidogo akaongeza kwamba anayetua Eldoret anapimwa pua, kila tundu na cheti chake. Wiki iliyofuata wizara ikaanza kukataa vyeti vilivyoandikwa Jumanne. Cynthia alikuwa na mtandao, angeweza kuuliza, lakini Mzee akamwahi: hayo ya mtandaoni ni ya wageni, ya kwetu hayaandikwi, yanajulikana tu.

Jemutai aliyapokea yote. Mwanamke aliyewahi kubishana na askofu kuhusu tarehe ya Pasaka sasa alisema tu, "Sawa, Baba Cynthia. Wewe ndiye uko huko." Mume mwingine angeshtuka. Huyu wetu aliona Amerika imemfunza adabu.

Jambo moja tu hakuacha kuuliza.

"Na Sista?"

"Ako tu. Anakula."

"Amenona?"

"Utashangaa."

Kamera ya simu Mzee alikuwa ameizima, asije akaambiwa aonyeshe zizi. Kwa bahati njema, ya mkewe pia ilikuwa inasumbua. Mungu humkumbuka mja wake.

Sista mwenyewe alitafutwa siku nne, na polisi wakaandika jina lake vizuri kitabuni, ikaishia hapo. Mzee akabadilisha mbinu. Alimwita Nyongesa, dalali wa mifugo, akamwagiza ng'ombe mweusi mwenye utepe. Asiwe Sista, awe mfano wake. Mtu aliyekaa miaka miwili akitazama theluji, alisema Mzee, atakumbuka madoa? Nyongesa akazunguka Kesses, akazunguka Plateau. Mara moja alileta picha ya mnyama mwenye utepe mzuri ajabu, kosa lake likawa dogo tu: alikuwa fahali.

Wiki ya tatu dalali akapiga simu kutoka Turbo, anacheka.

"Mzee, huyu ni pacha. Hata ile sura ya kudharau watu anayo."

Mwenyewe, akaeleza, ni mama mmoja mpangaji, amekodi ua nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Mgumu kweli kweli. Amesema haongei na madalali, anayemtaka ng'ombe aje kwa miguu yake, na aje amenyoa ndevu.

Mzee hakuuliza ndevu zinahusu nini. Alinyoa. Alivaa koti la kanisani. Na kabla ya kuondoka, kwa furaha, akampigia mkewe kumjulisha kwamba serikali imelegeza: hakuna karantini, hakuna tundu la pili, hata Jumanne imesamehewa.

"Yote kwa siku moja?" Jemutai akauliza.

"Unaijua serikali."

"Naijua," akasema. "Haya. Tutaonana."

Turbo alifika mchana. Uani palikuwa na ng'ombe anakula majani, mweusi tititi, na utepe wake kwenye paji. Akainua kichwa, akamtazama Mzee kama mtawa anavyomtazama mlevi. Mama mwenyewe alikuwa amechutama upande wa pili akikamua. Kilichoonekana ni kitambaa chake cha kichwa tu.

Mzee hakuwa mshamba wa kununua. Ukimpenda ng'ombe mbele ya mwenyewe umekwisha. Akakohoa, akasalimu, akasema ng'ombe si mbaya, ila kwa macho yake amekonda kidogo.

"Amenona, Baba Cynthia," mama akajibu bila kugeuka, maziwa yakiendelea kulia ndani ya ndoo. "Niliwakuta nyote wawili Jumatatu ile asubuhi nikitoka uwanja wa ndege: yeye barabarani, wewe unakoroma."